Simba Saba wa Mkono Mmoja

Nina kinyaa tangu utotoni. Siwezi kunywa chai kwenye kikombe chenye alama ya mdomo wa mtu, na nzi akitua kwenye sahani ya mwenzangu, mimi ndiye ninayeacha kula. Nyumbani Dodoma walishanizoea. Nilipopangiwa kufundisha Kibondo, mama yangu alinifungashia ndoo mpya yenye mfuniko, akanionya nisiende kuwatazama watu wa watu kwa lile jicho langu. Ndoo niliitumia. Jicho nilikwenda nalo.

Siku za kazi nilifundisha uchoraji sekondari. Jumamosi nilikuwa na darasa la watu wazima saba, kwenye chumba kilichokuwa stoo ya mahindi na ambacho bado kilinuka panya. Walitaka kuingia chuo cha sanaa. Chuo hicho kilipokea watu wazima ambao vyeti vyao vya sekondari ni vibovu au hawana kabisa, mradi wafaulu usaili, na kwenye usaili kila mmoja alitakiwa kufika na folda ya kazi zake mwenyewe. Nilikuwa na fundi cherehani, kinyozi, mwandika mabango, vijana watatu waliokuwa wakilima tu, na mama mmoja wa Kitahana.

Huyu mama alikuwa amekaribia miaka arobaini, mkubwa kwangu kwa karibu miaka kumi. Mama yake mzazi alivuka mpaka kutoka Burundi akiwa amembeba mgongoni, na sasa wote ni raia na wana shamba lao. Kazi yake ilikuwa kupamba kuta. Bibi harusi akikaribia kuletwa, nyumba ya bwana harusi husilibwa upya, na yeye ndiye aliyekuwa akiitwa kuchora ukutani kwa vidole, mistari iliyovunjika na kukutana, myeupe, myekundu na myeusi. Siku ya kwanza nilimuuliza anataka nini chuoni.

“Nyumba za saruji haziniiti, mwalimu,” alisema. “Watu wanajenga za matofali, wanapaka rangi ya dukani. Nataka nijifunze kuviweka hivi vitu vyangu kwenye vitambaa. Nikikosa hapo, nabaki na jembe.”

Nilimwambia vizuri sana, akae, achukue penseli.

Sasa niseme nilivyofundisha, maana ndipo uozo wenyewe ulipo. Ukutani nilitundika kalenda ya duka la pembejeo yenye picha ya simba amelala kwenye majani. Kila Jumamosi tulichora simba. Nilijiambia kwamba wasaili watataka kuona kivuli, uwiano na manyoya, na simba ana vyote. Hakuna hata mmoja kati yetu, mimi nikiwemo, aliyewahi kumwona simba kwa macho yake. Wale watu wazima walikuwa na vidole vigumu vya kazi, walikandamiza penseli hadi karatasi ikatoboka, walifuta kwa mate. Kwa mate! Nilipowaona wakilamba kidole na kusugua karatasi, niligeuzia uso dirishani.

Kwa hiyo nikawa narekebisha. Nilipita meza kwa meza, nikamnyang'anya mtu penseli, nikamnyoosha simba wake taya, nikamtilia kivuli chini ya sikio. “Hivi. Umeona? Hivi.” Wao walisema ahsante. Ndivyo mimi mwenyewe nilivyofundishwa: mwalimu wangu alikuwa akichukua penseli, na mimi nikipata alama. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, na mistari yangu ya kivuli hulala upande ule ambao watu wengi hawalazi. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo.

Wiki moja kabla ya usaili, yule mama alikuja na kiroba kichwani. Alikitua, akatoa mbao mbili zilizofungwa kwenye khanga, akaziegemeza ukutani. Alikuwa amezisiliba kwa tabaka nene, juu yake akachora michoro yake ile ya harusi kwa udongo mweupe na masizi. Wenzake wakasogea. Kinyozi akapiga mluzi.

Mimi nilisikia harufu kwanza.

“Hii ni nini umepaka?”

“Amase, mwalimu.”

“Ndiyo nini?”

“Mavi ya ng'ombe,” alisema, bila haya yoyote. “Nimechanganya na majivu. Ikikauka hainuki.”

Ilinuka. Au pua yangu ilitaka inuke, sijui tena. Ninachokumbuka ni kwamba nilirudi nyuma hatua mbili, nikaziba pua kwa ukingo wa mtandio mbele ya darasa zima. Nikasema kazi ya chuo hufanywa kwenye karatasi. Nikasema, na sauti yangu naisikia hadi leo, kwamba hatuendi kwa watu na mavi. Wale vijana watatu wakacheka. Mama naye akacheka kidogo, vile mtu anavyocheka akiwa amevuliwa nguo. Akazifunga mbao zake kwenye khanga.

Usaili ulifanyika Kasulu. Alfajiri tulikutana kituo cha basi Kibondo, na yeye akaja tena na kiroba kilekile. Sikuamini. Nilimvuta pembeni.

“Mama, tulishaongea.”

“Nitaziweka chini ya kiti, mwalimu. Wakikataa, sizitoi.”

“Utatuaibisha wote.”

Alikitua kiroba. Kisha akasema, “Ego, mwalimu,” ndiyo yao hiyo, akaenda kumwachia kiroba mama wa chai pale kituoni. Safari nzima nilijipongeza. Nilikuwa nimepaka mafuta ya mikono yenye harufu ya ndimu, na kila mara niliileta mikono puani.

Wasaili walikuwa wawili, mwanamke na mwanamume mzee kidogo mwenye miwani. Nilikubaliwa kukaa benchi la nyuma kwa kuwa ndimi mwalimu wao. Yule mzee hakuita mtu. Alikusanya folda zote saba, akatoa simba mmoja kwenye kila folda, akawapanga sakafuni kwa mstari. Simba saba. Taya lilelile. Sikio lilelile la kushoto lililozidi ukubwa, kosa langu ambalo nilikuwa nimelirudia mara saba bila kuliona. Kivuli kilichoegemea upande uleule.

Akavua miwani, akaivaa.

“Hapa nani anatumia mkono wa kushoto?” aliuliza.

Watu wazima saba wakatazamana. Hakuna aliyenyoosha. Mimi huku nyuma niliukalia mkono wangu. Naapa, niliuingiza chini ya paja nikaukalia kama mtoto aliyeiba sukari.

Mama wa Kitahana alikuwa wa mwisho kwenye mstari; wale wengine sita, mzee aliwapa karatasi tupu wachore chochote wanachokijua. Walikaa. Fundi cherehani, mtu anayekata kola ya shati bila kipimo, alitoa jasho juu ya karatasi nyeupe na mwisho akaanza kuchora simba. Hakuna kitu kilichowahi kunitia kichefuchefu kama simba yule wa nane, na safari hii hapakuwa na uchafu wowote wa kuusingizia.

Yule mwanamke akamgeukia mama wa Kitahana. Nadhani aliviona vidole vyake, maana udongo mweupe ulikuwa umejikita kwenye kucha.

“Wewe mama, huna kazi nyingine? Uliyofanya nyumbani, bila mwalimu?”

Aligeuka akanitazama. Nilijua anachosubiri. Nilitakiwa kusimama tu na kusema: anayo, ipo Kibondo, mimi ndiye niliyemkataza, mpeni hadi kesho. Maneno hayafiki ishirini. Nilitazama sakafu.

“Nilikuwa nayo,” alisema. “Ilivunjika njiani.”

Hakuchukuliwa mtu. Walituambia turudi mwaka ujao na kazi za watu wenyewe, na yule mzee aliponiaga alinipa mkono wake wa kushoto. Niliupokea. Kwenye basi la kurudi sikuweza kuvumilia harufu ya ile ndimu, nikajifuta mikono kwenye sketi hadi ikawaka.

Kibondo tulikuta mama wa chai ameweka jiko la mkaa juu ya ubao mmoja, na wa pili amefunikia ndoo ya maji. Mama wa Kitahana akasema haidhuru, dada, asante kwa kunitunzia. Akafuta masizi kwa kiganja. Hakunisema kitu, wala siku ile wala baadaye, na nilimchukia kwa hilo kwa siku kadhaa. Angenitukana ningelala.

Jumamosi mbili hakuja darasani. Ya tatu nikakodi bodaboda kwenda kwake, nimejipanga kuomba msamaha. Njia nzima niliyapanga maneno. Ningemwambia kwamba mwaka ujao nitazibeba mbao zake mwenyewe, mikononi, hadi mezani kwa wasaili.

Nilimkuta uani anapepeta maharage. “Mwakeye, mwalimu!” akaniamkia kwa furaha, akakimbia kuleta kigoda, akakifuta mara mbili kwa khanga kabla ya kunikaribisha. Aliona namna nilivyokitazama, akakifuta mara ya tatu. Kisha akaniletea maji kwenye glasi iliyofunikwa na sahani. Nilimwambia yote. Nilimwambia kwamba ile kazi haikuvunjika, mimi ndiye niliyeiharibu, na kwamba ningesema ukweli pale Kasulu angekuwa chuoni sasa.

Alisikiliza akitikisa kichwa kwa upole.

“Hapana, mwalimu. Ulisema kweli. Ile ilikuwa inanuka.”

“Haikunuka.”

“Ilinuka. Mimi nilizoea tu, nilikuwa sijui.” Akasimama. “Njoo nikuonyeshe. Sikuja darasani, lakini sijalala.”

Akanizungusha nyuma ya nyumba. Ukuta huo nilikuwa nimewahi kuuona kwenye simu yake: michoro ya mama yake mzazi, aliyoipaka upya kila mwaka kwa mkono wake, kutoka msingi hadi chini ya paa. Sasa ulikuwa umekwanguliwa wote na kusuguliwa kwa maji ya sabuni. Katikati, kwa mkaa, alikuwa amelala simba wa kalenda, mkubwa kama kitanda, sikio la kushoto limezidi, kivuli kimelazwa upande wangu.

“Nilijifunza kwa mkono wa kushoto,” alisema. “Ni kazi kweli! Ila nimeanza kuuweza.”

Akaokota kipande cha mkaa, akakifuta kwenye khanga yake hadi kikawa safi cha kushikwa na mtu kama mimi, akaninyooshea.

“Haya, mwalimu. Nirekebishie.”