Waliomchungulia Verediane

Mtu aliyemkanda Uwera kwa maji moto baada ya uzazi wake wa kwanza hakuwa mama yake mzazi, wala mama mkwe. Alikuwa Verediane, mjane wa nyumba ya pili, mtwanga sombe wa Mbugangari, mtaa wa mpakani na Goma. Alikuja bila kuitwa, akarudi kila asubuhi mpaka Uwera akaweza kuinama, na alipopewa kitenge cha shukrani alikikataa kwa kusonya.

Wanawake wanaovuka kwenda Goma kuchuuza walimwachia mafungu ya majani ya muhogo alfajiri, na wakirudi waliyakuta yametwangwa laini. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejaa kuliko wa kushoto, kama mkono wa mwanamume, na watoto wa mtaa walipenda kuupima kwa viganja vyao. Jumapili alivaa sare ya umoja wa akina mama wa parokia, akakaa benchi la tatu, akaimba sauti ya chini.

Kila mtu alimjua, na hakuna aliyemuuliza kitu. Miaka ile watu hawakuulizana. Ilijulikana tu kwamba alivuka mpaka na mume wakati wa kukimbia vita mwaka tisini na nne, akarudi peke yake mwisho wa mwaka tisini na sita, sufuria kichwani. Mume huyo, Protais, fundi wa vitanda, kipindupindu kilimmaliza kwa siku moja na nusu kule kambi ya wakimbizi. Wakamkunja ndani ya mkeka, kamioni ikapita ikamzoa pamoja na wengine, wakaenda kufukiwa mahali ambapo ardhi ni mawe ya volkano matupu. Verediane alilikimbilia gari lile mpaka pumzi ikamkatika. Shimo hakuliona. Hayo alimsimulia Uwera mara moja tu, akimwogesha mtoto, na papo hapo akauliza kama maji hayajapoa.

Sasa, mwaka tisini na nane, Igor akaona picha.

Igor alikuwa mdogo wake mume wa Uwera, kijana wa miaka kumi na sita aliyelelewa nyumbani kwao. Kwenye kibanda cha video karibu na soko walionyesha picha ya vijana wanaomchungulia mzee jirani yao kwa siri. Wakubwa wanawacheka, hakuna anayewaamini, na mwisho mzee anagundulika kweli ni muuaji, vijana wanabebwa juu kwa shangwe. Igor aliirudia mara tatu. Mara ya tatu alikwenda na Mwiza, binti wa majirani waliorudi kutoka Tanzania, msichana mwenye Kiswahili kilichonyooka na ulimi usiolala. Tangu siku hiyo wale wawili wakawa hawaonekani baada ya shule. Uwera alidhani ni mambo ya ujana, akajiandaa kusema nao. Kumbe walikuwa wametoboa uzio wa matete nyuma ya nyumba, wamelala kifudifudi, macho kwa Verediane.

"Shemeji," Igor alimwambia siku moja, akihema kama aliyekimbizwa, "mule kwa mukecuru Verediane iko mutu."

"Mutu gani?"

"Mule kwa kibanda ya makaa. Kila saa kumi na moja anamupelekea chakula na pombe. Anafunga mulango, anaongea naye. Nilimusikia kwa masikio yangu: kula baba, kunywa, tulia."

"Tumeandika siku kumi na mbili," Mwiza akadakia, akiinua daftari la hesabu la shule. "Siku zote kumi na mbili, shemeji yake Igor. Hata siku ya mvua. Na kibanda chenyewe anasema ni cha makaa, lakini makaa ananunua kwa kopo. Sasa anaweka makaa gani?"

Wiki ile magari ya kwenda Ruhengeri yalikuwa hayaondoki bila kusindikizwa na askari. Wacengezi, wapiganaji waliojipenyeza kutoka ng'ambo, walikuwa wakishuka kutoka msituni, wanaua, wanarudi. Na nyumba iliyosemwa kuwa imemlisha mcengezi haikungoja kesho.

"Nyinyi wawili," alisema polepole, "munajua munacheza na nini? Ile neno ikitoka mudomoni mwenu, mukecuru amekufa. Mumenisikia? Amekufa."

Wakaitikia. Uwera akaamini itikio la watoto, na hilo baadaye ndilo alilojilaumu kuliko yote. Alitaka kwenda kumuuliza Verediane uso kwa uso. Akafika hadi mlangoni, akamkuta anatwanga, akaomba chumvi, akarudi nayo.

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, Kimenyi, nyumbakumi wao, aliingia uani kwa Verediane na askari sita. Igor na Mwiza walikuwa mbele yao, vifua vimetuna, wanaonyesha kwa kidole.

Verediane alikuwa bado na sare ya kanisa. Alipoona wamekiendea kile kibanda, alikimbia, mzee wa miaka sabini, akasimama mlangoni, mikono ameipanua.

"Iko makaa," alisema. "Makaa tu, wana wangu."

"Basi fungua tuone makaa," sajenti akasema.

"Siwezi."

Siwezi! Hata Uwera, aliyekuwa anakuja mbio, mtoto mgongoni, alisikia lile neno likianguka vibaya. Askari wakaachana, wakakizunguka kibanda. Bunduki mbili zikakokiwa. Sajenti akapaza sauti aliye ndani atoke, mikono kichwani, la sivyo watapiga kupitia mbao. Ndani kimya. Akina mama wa parokia waliokuwa wakirudi kutoka kanisani wakaganda njiani, na mbele yao Jovia, mwenyekiti wao, rozari mkononi.

"Mukecuru, sogea," sajenti alisema. "Mi sitaki kukuua."

Verediane akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanamtoka lakini hakusogea.

Hapo Uwera akapata kuona kile alichokuwa akikiona mwaka mzima.

"Afande, ngojeni!" akapiga kelele. "Ile sahani anapeleka mule naijua, mi ndiye nilimupatia. Ni ya mutoto! Inaingia viazi mbili na maharagwe ya kujaza kiganja, basi. Mutu wa msituni mwenye njaa, atashiba na ile? Na ukuta wa chumba yangu ni huu hapa. Niko na mutoto mwenye kushtuka na inzi ikipita. Mwaka muzima sijasikia mutu anakohoa mule, hata kupiga chafya. Ni mutu gani haikohoi?"

Askari mmoja akacheka, akanyamaza haraka.

"Nani atahakikisha?" akauliza sajenti.

"Mi mwenyewe. Ntaingia wa kwanza."

Akapiga hatua, mtoto mgongoni, akapita katikati ya mitutu. Verediane alipoona kile kichwa kidogo kinaning'inia kando ya bega la mama yake, mikono yake ikaanguka.

"Na mutoto?" alisema. "Hapana. Na mutoto hapana." Akageuka, akafungua kamba ya mlango kwa mkono wake mwenyewe.

Ndani hapakuwa na mtu. Palikuwa na kijumba cha nyasi, urefu wa goti, kama wazee wa zamani walivyowajengea waliotangulia. Mbele yake kigoda, koti la mwanamume limekunjwa juu yake. Ile sahani ndogo, viazi viwili. Kibuyu cha pombe ya ndizi na mrija wake. Siafu wakipanda na kushuka.

Askari mmoja mwenye mvi akainama, akaangalia, akarudi nyuma. "Anamulisha mume wake," alimwambia sajenti kwa sauti ya chini. "Nyanya yangu alifanya hivi. Marehemu akisahauliwa anakasirika, donc unamutuliza na kile alikuwa anapenda."

"Alikufa lini?" sajenti akauliza.

"Mwaka wa tisini na nne," Verediane akajibu mwenyewe. "Ugenini."

"Kwa nini usiende kwa kaburi yake, mama?"

Verediane akapangusa pua kwa ncha ya kitenge cha kanisa. "Afande, kama unaijua, unipeleke."

Sajenti akaamuru watu wake watoke uani, wakatoka mmoja mmoja, wa mwisho akairudisha kamba ya mlango mahali pake. Lakini Kimenyi alibaki, na Uwera alimwona kwa macho yake akimpiga Igor begani.

"Bon, si neno. Kijana wa kukaa macho ni muzuri. Leo hamukupata, kesho mutapata."

"Atapata nini?" Uwera aliruka. "Kimenyi, we ni mutu muzima mwenye ndevu kidevuni! Watoto wanakuletea daftari, unaleta bunduki? Hukuweza kupiga hodi? Mlango wa mukecuru umesimama hapa, kila siku unapita kuchukua sombe, hukuweza kumwambia mama, hodi, mule unaweka nini?"

Kimenyi akasema kazi ni kazi, akaenda zake.

"Lakini shemeji," Igor akalalamika, "hata katika picha wakubwa walikuwa hawaamini, na…"

"Katika picha!" Sauti ya Uwera ilimwamsha mtoto. "Yule mzee wa picha akipigwa risasi anainuka, anapangusa vumbi, anakwenda nyumbani kula! Huyu angeinuka? We ulimwona anamlilia mume wake siku kumi na mbili, na wewe unaandika saa!"

Mwiza alikuwa amelificha daftari nyuma ya mgongo.

Kama mambo yangeishia hapo, Uwera labda angepoa. Lakini jioni hiyo hiyo Jovia alikuja na wenzake wawili kumwambia Verediane kwamba mtu hawezi kula meza mbili. Avue sare, akae benchi la nyuma, asipande kupokea komunyo mpaka Pasaka, na kile kijumba akichome. Verediane aliisikiliza hukumu akiwa amesimama, kisha akaingia ndani, akatoka na sare imekunjwa vizuri, akawapa. Kijumba hakukichoma. Alisema tu, "Bwana yangu hana nyumba ingine."

Jovia alipotoka, Uwera alikuwa anamngoja njiani.

"Mama Jovia, kila Novemba unapeleka maua kwa kaburi ya mume wako. Nimekuona. Unaongea naye pale, unamwambia habari za watoto. Ile ni nini?"

"Ile ni kuombea marehemu. Hii ni ushenzi."

"Tofauti ni kwamba wewe ulipewa kaburi."

Jovia akashika rozari yake, akasema binti aliyeishia darasa la sita asimfundishe dini, akapita.

Jumapili ya pili Uwera alikwenda kanisani mapema. Alipita benchi lake, akaenda mpaka nyuma kabisa, karibu na mlango unaopitisha upepo wa ziwa, akakaa kando ya Verediane aliyevaa kitenge cha kawaida kilichopauka. Wakati wa komunyo watu wakasimama, mstari ukasogea, akina mama wa sare wakitangulia. Igor naye alikuwemo mstarini, amenyoosha shingo, hakuna aliyemkataza.

"Simama, mwana wangu," Verediane alinong'ona. "We hukukosa kitu. Nenda."

"Siendi."

"Watakuandika na wewe."

"Waandike."

Verediane akamsukuma kwa kiwiko, na kiwiko cha mtwanga sombe si mchezo. Uwera akashika ukingo wa benchi kwa mikono miwili, akakaa.