Neno Moja kwenye Nta

Tak.

Kabla ya uso wake, kabla ya harufu ya vitunguu na sabuni mikononi mwake, namkumbuka shangazi yangu Minna kwa sauti hiyo: kitufe cha redio kikizungushwa mpaka redio izimike. Mara nyingi tulikuwa mezani kwake Bronx, New York, chai kwenye glasi, vipande vya limau vikielea, treni ya reli ya juu ikipita na kutikisa vijiko. Redio ilianza kupiga "Niachie Taa", na kabla mwimbaji hajafika kwenye kiitikio, tak. Bibi aliendelea kukata mkate mweusi kana kwamba hakusikia kitu.

"Mwimbaji anayeogopa wimbo," baba yangu alikuwa akimtania dada yake. "Kama mchinjaji anayezimia akiona kuku."

"Kula, Saul. Supu inapoa, na utani wako ulishapoa tangu jana."

Alicheka, lakini mkono wake ulibaki juu ya kile kitufe mpaka wimbo upite huko ulikokuwa, hewani, pasipo sisi. Nilidhani wimbo ule una mzimu. Sikuwa mbali sana na ukweli.

Minna Preschel aliishi kwa koo lake, na hakuna aliyelijua jina lake. Aliimba matangazo ya sabuni. Aliimba "aaa" na "uuu" nyuma ya watu wenye majina makubwa. Babu yangu alikuwa mshona kofia, na miaka ile mibaya, watu walipoacha kununua kofia, alikwenda Detroit kutafuta kazi. Barua zilikuja, kisha zikaacha kuja. Kila jioni bibi aliwasha taa akaiweka dirishani, pale panapotokea ngazi za chuma za nje, akatazama barabara na kusema neno moja tu, si kama sala, si kama amri: "Utarudi."

Baba yangu alikuwa mdogo, akicheka. Minna hakucheka. Aliniambia, nilipokuwa mtu mzima, kwamba alikuwa akiogopa: ikitokea jioni moja mama yake akasahau kulisema, baba yao atakuwa tayari yuko kona ya barabara, asilisikie, ageuke aende zake.

Majira ya baridi aliyoanza kuimba na bendi ya Milo Karsh, kulikuwa na onyesho moja la muziki Broadway, mtaa wa majumba ya maonyesho, ambalo mji mzima ulilizungumzia, na wimbo wake mkubwa ulikuwa huo, "Niachie Taa". Katika onyesho, msichana anaondoka kwao kwenda kutafuta maisha, na mlangoni anamwambia mpenzi wake anayebaki: niachie taa, nitarudi. Ubeti wa mwanzo ndio unaoeleza hayo yote. Lakini bendi za dansi hazikuwa na haja na ubeti wa mwanzo. Watu walitaka kucheza. Mwimbaji wa bendi alikaa kitini mikono mapajani, wanaume wakapiga mpaka katikati ya santuri, akasimama, akaimba kiitikio, akaketi. Kwenye karatasi ya santuri waliandika jina la mkuu wa bendi, na chini yake, kwa herufi ndogo, "pamoja na kiitikio". Kiitikio hakikuwa na mwenyewe.

Enzi hizo waliimbia nta. Ilikuwa bamba nene kama keki, ikitunzwa kabatini kwenye joto ili iwe laini, na sindano iliichimba huku watu wakipiga. Kosa halikufutika. Na ubaya zaidi, nta haikusikilizwa. Ukiipiga ili usikie mlivyofanya, sindano inaila ile mifereji, na kazi yote imekufa. Ilibidi iende kiwandani kama ilivyo, ifungwe kama maiti, na mngojee.

"Sikilizeni, watoto," Karsh alisema siku ile. "Nta zimebaki mbili. Mwenye kukohoa akakohoe New Jersey."

Nta ya kwanza iliharibiwa na mpiga tromboni aliyegonga stendi ya karatasi zake. Karsh alimtukana kwa lugha mbili. Ikawekwa ya mwisho. Kimya. Taa nyekundu ya kurekodi ikawaka ukutani.

Minna alikuwa ameyasoma maneno yake sawasawa, na kwenye ile nta iliyoharibika aliyaimba sawasawa. Lakini safari hii, aliposimama, alikuwa na hofu ya kifua kizima. Kile kioo cha chumba cha mafundi, kile kiza nyuma yake, na taa moja imewaka. Alifumba macho kidogo. Akasikia sauti yake, safi, bila kutetemeka, ikiimba:

"Niachie taa, utarudi."

Aliendelea mpaka mwisho. Hakuna cha kufanya, sindano ilikuwa inachimba. Taa ilipozimika, Karsh alipiga makofi.

"Huo ndio wimbo! Umeniliza, bibie, na mimi silii hata nikilipa kodi."

Karsh alikuwa akishughulika na wapiga saksafoni. Fundi alikuwa na macho kwenye vipimo vyake. Hakuna aliyesikia neno lililogeuka, wote walisikia sauti. Minna alifungua kinywa.

"Unasemaje, bibie?"

"Nauliza choo kiko wapi."

Tangu hapo alianza kuogopa.

Maneno ya wimbo ule yalikuwa ya Lucian Wexler, na waimbaji wote wa New York walimjua Wexler. Mwimbaji mmoja kijana aliwahi kubadilisha kineno katika wimbo wake mwingine, kwa kujipamba tu, na Wexler alihakikisha santuri zimeondolewa madukani. Kijana hakuonekana tena kwenye mlango wa studio yoyote. Walisema anauza glavu. Minna aliota anauza glavu. Aliamka usiku akitafuta saizi ya mkono wa mtu asiye na vidole.

Santuri ikatoka. Minna aliomba isinunuliwe, labda mwimbaji pekee duniani aliyeomba hivyo. Ikanunuliwa. Ikawa kwenye mashine za muziki za kutumbukiza sarafu, kwenye vibanda vya soseji, kwa kinyozi wa chini ya nyumba yao, ambaye aliimba "utarudi" huku wembe uko shingoni mwa mtu. Watu ambao hawakuwahi kuingia Broadway waliujua wimbo kwa kinywa cha Minna, na waimbaji wengine nao waliujifunza hapo hapo. Kisha vita vikaja. Wanawake waliobaki hawakutaka wimbo wa mtu anayeondoka. Walitaka ule mwingine. Akaurekodi bwana mmoja mwenye sauti ya asali: utarudi. Wakaurekodi akina dada watatu: utarudi, utarudi, utarudi, kwa sauti tatu. Mpiga tarumbeta mmoja aliurekodi bila maneno, na shangazi alikuwa akisema huyo ndiye mtu pekee aliyempumzisha.

Kila santuri mpya ilikuwa kama hatua ya mguu ngazini. Wexler aliandika gazetini kwamba mpumbavu fulani wa kwanza aliugeuza wimbo wake kichwa chini miguu juu, na kwamba angependa sana kukutana naye. Shangazi alilisoma gazeti hilo akiwa amesimama, akafungia ndani yake maganda ya viazi.

Haya yaliyofuata nayajua kwa Concetta, rafiki yake wa kwaya, mwanamke mnene wa sauti nzito, ambaye anaweza kukusimulia alivyonunua kitunguu ukasahau kwenda kazini. Miaka ilikuwa imepita, nta imekwisha, watu wanarekodi kwenye utepe, na onyesho lile lilikuwa limerudishwa Broadway. Sasa walitaka kulirekodi lote kwenye santuri moja ndefu, mwanzo mpaka mwisho, na ubeti wa mwanzo ukiwemo. Roz Timmerman, aliyekuwa akiwaita waimbaji wa kwaya, alimpigia Minna simu.

"Alhamisi asubuhi. Gauni lisilochakarisha, viatu visivyolia, na usije na njaa. Mara ile mlio wa tumbo la mtu uliingia kwenye utepe."

"Onyesho gani, Roz?"

Roz akalitaja. Kumkatalia Roz ilikuwa sawa na kufutwa. Alikuwa na wanawake wengine wa kuwaita. Bibi alikuwa ameanza kuumwa moyo, na koo la Minna ndilo lililonunua dawa. Akasema atakuja.

Studio ilikuwa kanisa la zamani, lenye dari ndefu. Kwaya ilisimama nyuma, Minna safu ya pili, Concetta ubavuni. Mbele alikuwa nyota wa onyesho, Vivian Thorne, na kando, kwenye kiti, skafu shingoni na fimbo magotini, Lucian Wexler mwenyewe.

Vivian akaimba. "Niachie taa, uta—"

"Nita!" Fimbo ikagonga sakafu. "Ni-ta-rudi! Wewe ndiye unayeondoka, mwanamke! Anayebeba sanduku atamwambiaje aliyekaa kitini kwamba atarudi?"

"Lucian, mpenzi, nchi nzima inaimba hivyo. Mama yangu aliimba hivyo akipiga pasi."

"Mama yako aliharibiwa kama wengine."

Wakarudia. Vivian akakosea tena, ulimi umeshazoea. Tena. Ndipo Wexler alipotoa santuri ya zamani kwenye mkoba wake na kumpa fundi.

"Tusikie ulikotoka ugonjwa huu."

Ikaanza kwa mchakaro, kisha bendi ya Karsh, kisha kutoka kwenye vipaza sauti, juu kwenye dari ya lile kanisa, msichana akaimba. Concetta anasema mkono wa Minna uliokuwa umegusa wake ulikuwa baridi kama samaki wa sokoni. Hapo Concetta akajua ni nani. Sauti ya mtu haizeeki yote.

"Nani alikuwa akiimba kwa Karsh?" Wexler aliuliza. "Kuna anayejua?"

Mwanamume mmoja wa safu ya mwisho, asiye na ubaya, mdomo tu, akasema, "Concetta alikuwa kwa Karsh, si ndiyo?"

Alikuwa kweli, lakini mwaka mmoja baada ya santuri ile.

"Atoke," alisema Wexler. "Sitaki apumue ndani ya wimbo wangu."

Roz alimtazama Concetta, na macho yake yalisema kwamba si kutoka kwa siku hiyo tu. Concetta akachukua mkoba wake.

"Natoka, mzee. Lakini kwa taarifa yako, mimi siwezi kufika juu vile hata ukinikanyaga kidole gumba."

Watu walicheka kwa woga. Angeweza kusema jina. Hakusema. Alikuwa amefika mlangoni, anatafuta koti lake, aliposikia safu ikifunguka.

"Ni mimi," alisema Minna.

Roz akafumba macho. Wexler akainuka kwa fimbo, akamsogelea Minna, aliyekwisha kufika mbele kwenye maikrofoni ya Vivian, ambayo Vivian alikuwa ameiachia nafasi bila kuombwa.

"Hukusoma?"

"Nilisoma. Iliandikwa nitarudi."

"Basi ulifikiri unajua kuliko mimi."

"Hapana, bwana." Alishika mguu wa maikrofoni kwa mikono miwili. "Ile taa nyekundu iliwaka, nikaiona ya kwetu. Mama huweka taa dirishani. Baba aliondoka. Jioni akiiwasha, mama husema hivyo. Likanitoka kabla sijalizuia."

Wexler alilegeza skafu shingoni.

"Alirudi?"

"Hapana."

"Na mama yako bado anasema?"

"Jana alisema."

Concetta huapa kwamba Wexler alilia, ila Concetta humliza kila mtu katika hadithi zake. Ninachoamini ni kwamba aligeuka kwa Vivian akasema kwa ukali ule ule, "Wewe imba nilivyoandika. Unaondoka." Kisha akaielekezea kwaya fimbo. "Ninyi mmebaki. Mumjibu alivyosema mama yake." Kisha akamwambia Minna, "Rudi mahali pako. Na usitetemeke, maikrofoni inasikia mifupa. Na huyo mnene mwambieni avue koti."

Ndivyo ilivyo kwenye santuri ile ndefu: mmoja anasema nitarudi, na nyuma yake sauti nyingi, kana kwamba zinatoka dirishani, utarudi.

Ungetarajia woga uishe hapo. Lakini mtu hawezi kuishi na woga miaka yote hiyo, kisha ukafungasha na kuondoka kwa siku moja. Roz aliendelea kumwita, Wexler alikufa kwa amani, na bado, kila redio ilipoupiga ule wimbo, tak.

Bibi alizikwa mwezi wa Novemba. Siku za msiba zilipokwisha, nilikwenda kukaa na shangazi jioni moja. Vioo vilivyofunikwa wakati wa msiba vilikuwa vimefunuliwa tena, chai ilikuwa kwenye glasi. Giza lilikuwa linaingia. Alisimama, akaichukua ile taa, akaiwasha, akaiweka dirishani. Kisha akabaki pale, midomo imeshikana, kama mtu aliyesahau namba ya nyumba yake. Lile neno halikuja.

Redio ilikuwa ikisema mambo ya hali ya hewa. Halafu, bila kuonya, wakapiga ya zamani, ile ya Karsh, na mchakaro wake wote. Nilinyoosha mkono upesi kwenye kitufe; nilikuwa nimekwisha kufundishwa.

Vidole vyake vilinikamata kifundo cha mkono. Vilikuwa baridi. Tromboni zilishuka, msichana akainuka kitini, akavuta pumzi. Nta iliichukua hata ile pumzi.

"Iache," alisema shangazi, kwa sauti ndogo sana. "Nishike mkono tu."