Mshika Kamba wa Alois

Kila asubuhi, umande ukiwa bado kwenye nyasi za kando ya reli, Bibi Ng'washi aliingia uani kwa Alois Lugembe kumtukana.

"Mwangaluka, kichwa cha kiboko! Kumbe hujafa?"

"Nife nimwachie nani uji wangu, mkia wa ng'ombe? Nangoja nikuzike wewe kwanza."

"Unizike kwa mkono gani? Huo wako hata panya hauwezi kumfukia."

Kisha kikongwe yule alikikalia kigoda cha Alois, akanywa uji wa Alois, akaondoka na chochote kilichompendeza: leo kibuyu, kesho kuku. Alois alicheka mpaka akafuta machozi kwa pindo la koti lake kuukuu. Ng'washi alikuwa Msukuma aliyeolewa hapa Usoke, Alois Mnyamwezi. Walikuwa watani, na mtani haibi wala hatukani, hata afanye nini.

Ng'washi alipoondoka, kicheko nacho kiliondoka. Alois alikirudisha kigoda mahali pake, mgongo ukutani, uso barabarani, akakaa kama mlinzi wa zamu. Ilikuwa miaka ya Mwingereza. Bendera ilikuwa imebadilishwa, treni za Kigoma zilipita na kurudi, watoto waliozaliwa baada ya vita walikuwa tayari wanachunga mbuzi. Lakini Alois, aliyekuwa askari wa Mjerumani, alikuwa hajavivua vita. Alitembea ukingoni mwa njia, si katikati. Kanisani alikaa benchi la mwisho. Bega lake la kushoto lilikuwa na kovu la risasi, ukumbusho wa kilima kile kinachoonekana kutoka stesheni, na tangu siku ile mkono haukupanda kupita kifua.

Mwaka ule genge la reli lilileta mtu mpya. Aliitwa Ilunga, mrefu, meno meupe, mwepesi wa kucheka. Siku ya pili tu ya kufika kwake alikuja uani, akabana visigino kama yuko gwaride.

"Shikamoo, baba. Nimesikia ulikuwa askari. Mimi pia! Nilikuwa na Wabelgiji, tulitoka Kongo kwa miguu. Nilipigana hapa hapa, kwenye kilima kile!" Aliyasema hayo kwa furaha, kama mtu aliyegundua kwamba yeye na mwenyeji wake walinyonya ziwa moja.

Alois alimtazama viatu, kisha mikono, kisha uso.

"Marahaba. Mimi nilikuwa mpishi."

Mkewe, Eustadia, aliyekuwa akipepeta nafaka nyuma ya nyumba, nusura aangushe ungo. Mumewe alikuwa amebeba bunduki katika nchi nzima na hajui hata kuchemsha maji.

Ilunga hakukata tamaa. Kila aliposhika njia ya kwenda kazini alisimama kusalimu, na kila mara alipokea marahaba kavu. Alimletea migebuka mikavu iliyokuja kwa treni kutoka Kigoma.

"Asante, lakini nyumba hii haili samaki," alisema Alois.

Ilunga alipopotea kwenye kona, Eustadia alisimama mlangoni. "Baba Tekla, tangu lini nyumba hii haili samaki? Hicho unachotafuna ni nini?"

"Hiki ni cha zamani. Mimi nasema samaki wapya."

Ilunga akamwalika kunywa pombe. Alois akasema tumbo linamsumbua. Akamwalika kusikiliza kinanda cha fundi mmoja wa stesheni. Alois akasema masikio yanamsumbua.

"Kesho huyo mtu atakukaribisha kupumua," alisema Eustadia, "na wewe utasema pua inakusumbua."

"Mtu mwenye adabu namna hiyo anatafuta kitu, Mama Tekla. Askari akikuinamia sana, anaangalia ulipoficha risasi."

Mzaha ule haukumtuliza Eustadia, kwa sababu msimu wa asali ulikuwa umefika na palikuwa na jambo lililomkosesha usingizi. Binti yao Tekla angeolewa mtama ukishapurwa. Tangu akiwa mdogo wa kubebwa, baba yake alimwahidi kwamba pombe ya harusi yake itakuwa ya asali, tena asali ya mizinga yake mwenyewe. Mizinga ilikuwepo, imetundikwa juu kwenye miti ya mitundu porini, imejaa. Mtu wa kumsaidia kuishusha ndiye hakuwepo. Tangu mkono ulipoharibika, Alois alipanda akiwa amefungwa kamba kiunoni. Kamba ilipita juu ya tawi, na ncha ya pili ilikuwa mikononi mwa shemeji yake aliyesimama chini. Shemeji alikuwa ameondoka kwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge. Vijana wengine wenye nguvu walikuwa wameondoka naye.

"Nitashika mimi," Tekla alisema.

"Nikiteleza utapaa wewe, mwanangu. Uolewe juu ya mti?"

"Basi Ilunga. Anainua mataruma ya reli peke yake."

Alois akakigeuza kigoda kidogo, ili aione njia yote mpaka mwisho. Hata nyegere, wale wanyama wavunja mizinga, walikwisha kuonekana porini, na nyegere hangojei harusi ya mtu.

Siku hiyo hiyo Ilunga alikutana njiani na Bibi Ng'washi aliyebeba jogoo wa Alois kwapani.

"Bibi, shikamoo. Nieleze. Wewe unamwita kichwa cha kiboko, unachukua kuku wake, naye anacheka. Mimi namwita baba, namletea samaki, naye ananitazama kama nyoka. Nimekosa nini?"

Ng'washi alimcheka mpaka jogoo akataka kutoroka. "Unamheshimu mno! Hapa kwetu, mtu anayekupenda ndiye anayekutukana. Wewe unamwamkia kama mtoza kodi."

"Lakini sisi tulipigana vita. Nitamtukanaje?"

"Na utani unatoka wapi, mtoto wewe? Wangoni walikuja wakachoma nyumba za Wanyamwezi. Leo wakikutana wanaibiana kofia. Waliopigana ndio watani. Wasiopigana ni majirani tu." Akamsogelea. "Ila sikiliza. Ukianza, usirudi nyuma. Akikurudishia neno zito, usiseme pole. Ukisema pole umekwisha, utabaki mgeni mpaka ufe."

Siku ya kupura mtama ua wa Alois ulijaa majirani. Fimbo zilipanda na kushuka kwa wimbo, makapi yakaruka kwenye jua, Tekla na wenzake wakapokezana kuimba, na Eustadia akapitisha pombe. Alois aliinuka kwenda kuchukua kapu. Aliporudi, Ilunga alikuwa amekaa juu ya kigoda chake, miguu imenyooshwa, mgongo ukutani, anakunywa kutoka kibuyu cha mwenye nyumba.

Wimbo ulikatika. Fimbo moja iliyochelewa ilipiga peke yake, kisha nayo ikanyamaza.

"Ewe mpishi," alisema Ilunga, na sauti yake ilitetemeka kidogo, "pombe yako chungu kama mapishi yako ya vitani. Nilikuwepo kilimani pale! Mlikimbia mpaka sufuria mkaziacha. Nikaingia jikoni kwenu nikaonja. Lo! Nikaelewa. Hamkuwa mnatukimbia sisi. Mlikuwa mnakikimbia chakula!"

Hakuna aliyecheka. Bibi Ng'washi aliuma kidole. Mkono wa kulia wa Alois ulipanda begani wenyewe, kutafuta ukanda wa bunduki, ukakuta koti tu. Halafu neno lililokaa kifuani mwake miaka yote ile likatafuta njia ya kutokea, na njia iliyokuwa wazi ilikuwa moja.

"Mla mizinga!" alisema. "Baba yangu alitundika mizinga katika pori hili lote. Niliporudi kutoka vitani nilikuta majivu. Mliipikia! Mizinga ya asali, mkaifanya kuni! Ni watu gani nyinyi, mnaochoma mtungi ili mpashe maji?"

Kila mtu alijua kwamba lile halikuwa tusi tupu. Mizinga ya mzee Lugembe kweli iliungua, na mzee mwenyewe hakukaa sana baada yake. Ilunga aliinamisha macho. Pole ilikuwa imefika ulimini, ikibisha kwenye meno. Akaimeza. Akainua uso.

"Ala! Kumbe ndiyo sababu," alisema polepole. "Ule uji wa siku ile. Nimejiuliza miaka yote kwa nini ulikuwa mtamu."

Hata kuku waliokuwa wakidonoa mtama walionekana kungoja.

"Mtamu?" aliuliza Alois.

"Mtamu, baba. Tulilamba mpaka mwiko."

Kitu kilianza kutikisika tumboni mwa Alois, chini ya vifungo vya koti. Kikapanda kifuani, kikatikisa bega bovu, kikatoka mdomoni kama maji ya mvua ya kwanza kwenye korongo. Alicheka. Alicheka akiinama, akishika magoti, akirudia, "Mpaka mwiko! Mpaka mwiko!" Ua mzima ukapasuka kwa vicheko na vigelegele, na Ng'washi akarusha mtama hewani kwa viganja vyote viwili.

"Faini!" alipiga kelele. "Mtani amekiri! Alipe faini!"

"Alipe nini?" watu waliuliza.

Alois alifuta machozi. Akamtazama Tekla aliyesimama na fimbo yake, macho yamemtoka. Akautazama mkono wake.

"Atanishikia kamba," alisema.

Walikwenda porini jua lilipoanza kulegea, Alois mbele na mwenge wa magome unaofuka, Ilunga nyuma na mitungi. Chini ya mtundu wa kwanza Alois alijifunga kamba kiunoni, akairusha juu ya tawi, akabaki ameshika ncha ya pili. Hakuitoa mara moja.

"Ukiiachia?" alisema.

"Nikiiachia nani atanipikia?"

Alois akampa ncha.

Alipanda taratibu, mkono mmoja na miguu miwili, moshi ukimtangulia. Nyuki waliamka na wimbo wao mzito. Alipoufikia mzinga, gome lilibanduka chini ya mguu wake, na akaanguka. Alianguka kipande kidogo tu, urefu wa mtoto, kisha kamba ikamkamata, akaning'inia akizunguka polepole kama mzinga mwingine. Alitazama chini. Ilunga alikuwa amejizungushia kamba kiunoni mara mbili na kukanyaga mzizi. Nyuki mmoja alimuuma kwenye pua, mwingine kwenye sikio, wa tatu alikuwa anachagua pa kuuma. Hakuinua mkono kuwafukuza. Mikono yote ilikuwa kwenye kamba.

"Mizinga ile ya mzee," alisema kutoka chini, na sasa hakukuwa na mtu wa kusikia ila nyuki. "Pole, kaka. Pole sana."

Alois alilishika tawi, akapata pa kukanyaga. Aliegemeza shavu kwenye gome.

"Nani amekuruhusu kusema maneno mazuri?" aliita. "Shika kamba, mla mizinga! Pua yako imeshakuwa kubwa kuliko tumbo lako!"

"Vuta moshi ufanye kazi, mpishi! Asali inazeeka!"

Wakatukanana hivyo kutoka mti hadi mti, mpaka mitungi ikajaa.

Siku ya harusi ya Tekla pombe ya asali ilitosha wenyeji na wageni, ikabaki. Ngoma zilipoanza, Alois alitafuta kigoda chake. Kilikuwa pale pale ukutani, na Ilunga alikuwa juu yake na mtungi kati ya magoti, akigombana na Bibi Ng'washi nani aliuiba kwanza. Eustadia akasema ngoja nikuletee kiti. Alois akasema aache tu. Akakaa chini mbele ya watani wake, kwenye vumbi la uwanja, amewaelekea wao, mgongo umeelekea barabara.