Chura Hana Meno

Sisi tuliokulia kijiji cha Mamba, huku Mpimbwe, tulijua masika yamefika kwa kelele za vyura kwenye majaruba. Wenzangu walifurahi kwamba mpunga umekaribia. Mimi nilijifunika khanga ya bibi hadi kichwani. Wadogo zetu wa siku hizi, wanaolilia viatu vya kwendea shule, wangetushangaa tulivyocheza rede peku matopeni, tukala mahindi ya kuchoma hadi midomo ikawa myeusi, kisha tukaenda misa tukinuka moshi. Katika yote hayo nilikuwa mtoto kama wengine. Ila chura.

Sijui ilianzaje, nami ni mtu wa kutaka kujua. Nikimwona tu, moyo ulinitwanga, vidole vikakakamaa, pumzi ikakatika, nikawa na hakika kwamba nakufa. "Chura hana meno, mjukuu wangu," bibi alisema, kana kwamba shida yangu ilikuwa meno. Katekista alisema ni shetani. Nikamuuliza mbona shetani huyo anasubiri masika. Nikachapwa.

Nikiwa darasa la tano, ilifika siku ya kupandikiza mpunga kwenye shamba la kijiji. Kina mama walikuwa wameinama kwa mstari, wanaimba. Chura akanirukia mguuni, akatulia pale pale. Akili iliponirudia nilikuwa nimelala juu ya tuta, vidole vimepinda, miche ya watu nimeikanyagakanyaga, na gauni limelowa, wala si kwa maji ya jaruba. Watu walikuwa wamerudi nyuma.

"Nyie, msimguse!" alisema balozi wetu wa nyumba kumi. "Hicho ni kifafa."

Mnakumbuka neno hilo lilivyokuwa. Mtoto wa kifafa alitengewa sahani yake, akala peke yake hadi anakua.

Mama aliweka miche chini. "Hana kifafa," akasema kwa sauti. "Mwanangu anaogopa chura."

Shamba zima likacheka.

"Mtoto wa Mpimbwe anaogopa chura! Mama Sesilia, huyo utamwoza wapi, Dodoma kwenye ukame?"

"Mpeleke kwa Wasukuma akachunge ng'ombe!"

"Wee! Kwani kwenye malambo yao ya kunyweshea vyura hawapo?"

Nilitamani ningekuwa na kifafa kweli. Siku nyingi sikumsemesha mama. Alikuwa ameniokoa na sahani ile ya peke yangu, nami nilimchukia kwa kuutaja woga wangu mbele ya watu.

Tangu hapo, kila tulipokwenda shambani, mama alitangulia na fimbo akipiga nyasi huku na huku. "Natafuta nyoka," alisema. Mimi, mwulizaji wa kila kitu, sikumuuliza mbona akienda peke yake fimbo huiacha nyumbani.

Leo nina digrii, nafundisha Mpanda mjini, nimepanga chumba mtaa wa Kawajense. Vitabu vya chuo vilinipa jina refu la woga wangu, chura hakulisoma. Likizo iliyopita nilirudi Mamba wakati wa mvua. Tulipotoka kwenda shambani, mama, magoti yakimsumbua, alichukua fimbo akatangulia.

Enzi zile alipiga nyasi haraka haraka, nikalazimika kukimbia nimfikie. Sasa anapiga mara moja, anasimama kupumua, anapiga tena. "Natafuta nyoka," ananiambia bila kugeuka. Nami, mtu mzima, mwalimu wa watu, bado niko nyuma yake.