Jibini Niliyoibadilisha

Mke wangu alioka keki za jibini miaka ishirini na sita katika duka la mikate lililo nyuma ya soko. Watu walimwita Bi Kitambaa, kwa sababu ya kitambaa cheupe alichochujia jibini. Jioni anaitia jibini humo, anapiga fundo, anaining'iniza kwenye bomba la sinki. Asubuhi maji yameshuka yote. Anabonyeza kwa kidole. Kidole kikitoka kikavu, anaoka. Kikitoka na maji, wateja watasubiri.

"Bibi, watu wamejaa huku mbele," tajiri mwenye duka anamwambia.

"Wape viti. Keki haijui foleni."

Mimi nilikuwa fundi wa matofali. Shule sikuiona. Herufi alinifundisha yeye, juu ya meza yake, kwa kuchora kwa kidole kwenye unga. Nilipoweza kuandika jina langu tulikuwa tayari na wajukuu wawili. Alicheka, akafuta meza, akakanda unga uleule.

Jibini yake ilikuwa ile nyeupe isiyo na chumvi, yenye chengachenga. Ile ya kopo, ya kupaka kwenye mkate, hakuipenda. Alisema ni laini kama maneno ya mchumba na ina chumvi yake ndani. Lakini hakuikataa kabisa. Ukikosa ile, alisema, tumia hii, ila upunguze maziwa, uache chumvi, na moto uwe mdogo. Binti yetu alipokuwa anajifunza alimwambia hivi: "Badilisha, lakini uniambie."

Kisha akaugua. Dawa zilimtoa ladha mdomoni, chai na maji ya moto vikawa kitu kimoja. Zikamtoa na hisia kwenye vidole. Hata hivyo alikataa kuacha kazi. Akawa anaokea nyumbani keki moja tu kwa wiki, ya Jumamosi, na tajiri anatuma mtu kuichukua. Hiyo keki moja ndiyo iliyomwamsha kitandani.

Jibini nilikuwa nanunua mimi. Ijumaa moja goti liliniuma sana. Nikafika dukani, muuzaji akasema, "Mzee, ile yako imekwisha. Chukua hii ya kopo. Jibini ni jibini."

Duka la pili liko ng'ambo ya barabara kubwa, unapanda ngazi za daraja. Nikazitazama zile ngazi. Nikachukua kopo.

Nyumbani nikaitia kwenye bakuli, maana siku zote alitaka imngoje kwenye bakuli. Kopo nikalitupa nje.

"Ndiyo ile?" akauliza.

"Ndiyo ile."

Akaigusa. "Mbona laini hivi?"

"Mimi nitajuaje, mama? Nimenunua tu."

Akaifunga kwenye kitambaa, akaining'iniza. Hakikudondoka kitu. Asubuhi akabonyeza, kidole kikazama, akakaa anakitazama.

"Basi ni vidole vyangu," akasema.

Hapo ndipo nilipotakiwa kufungua mdomo. Nilikuwa nimesimama karibu naye kama hatua mbili. Akatia maziwa ya siku zote, akatia chumvi yake ya siku zote. Mimi nikamwashia oveni.

Keki ilibonyea katikati. Tajiri aliirudisha mwenyewe, ndani ya boksi, kipande kimoja kimekatwa.

"Bibi yangu, ni chumvi tupu. Umefanya kazi sana. Sasa pumzika."

Alisema kwa upole, na hilo ndilo lililomuumiza. Dukani akawaambia wateja kwamba Bi Kitambaa mkono umemwacha. Na mke wangu alipokuja kuniambia lilelile, "Mkono umeniacha, baba watoto," nikamjibu, "Pumzika."

Alipumzika miezi mitano. Hakugusa unga tena. Kila asubuhi nilisema leo nitamwambia, kisha nikamchemshia chai asiyoisikia ladha. Tukamzika.

Mwezi uliopita binti yetu alikuja kusafisha nyumba, akakiona kitambaa kwenye droo. Akanunua jibini ile nyeupe, akachuja, akaoka. Keki ikapanda kama zamani. Akanikatia kipande, akakaa mbele yangu.

"Baba, mimi mvivu tu nimeweza. Yeye ilikuwaje akakosea?"

"Hakukosea."

Nikamweleza yote. Ngazi, kopo, bakuli.

"Miezi mitano, Baba."

"Ndiyo."

"Alinipigia simu analia kwamba hana kazi tena duniani. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapohapo."

Akakunja kitambaa, akakitia kwenye mkoba. Mlangoni akasema, "Kamwambie tajiri. Na watu wawepo."

Nilikwenda Jumamosi, foleni imefika nje. Goti liliniuma vilevile. Nikasema kwa sauti kwamba keki ile ya mwisho iliharibiwa na mimi, kwamba nilibadilisha jibini nikamdanganya mke wangu, na mkono wake haukumwacha hata siku moja.

Watu wakatazama mikate. Tajiri akafuta kaunta mahali palipokuwa safi.

"Mzee wangu, hayo yamepita. Marehemu tulishamsamehe."

"Hakuwa na la kusamehewa."

"Sawa, mzee. Chukua mkate uende nao nyumbani."

Sikuuchukua. Mama mmoja kwenye foleni akamwambia mwenzake, "Kumbe," kisha wakasogea mbele, zamu yao imefika.

Jioni binti akapiga simu.

"Umesema?"

"Nimesema."

"Watu walikuwepo?"

"Walikuwepo."

Nikasikia maji yanatiririka kwake, anaosha vyombo.

"Na yeye Mama," akasema, "utamwambia lini?"