Kumpeleka Mama Mkwe Mtoni

Mume wangu alipofariki, watu waliniambia nitalia sana na kwamba kulia kutanisaidia. Sikulia. Nilizika, nikapokea wageni, nikagawa nguo zake, na ruhusa ilipoisha nikarudi darasani kufundisha hisabati darasa la sita. Miezi ikapita hivyo. Nilikula kwa sababu chakula kimeiva, nikalala kwa sababu giza limeingia. Mtu akisimulia jambo la kuchekesha ofisini, nilijua ni wapi pa kucheka, nikacheka.

Habari ya safari aliianzisha mwalimu mwenzangu ninayekaa naye meza moja. Ni mwanamke mchangamfu, anafundisha jiografia, na ana gari dogo analoliendesha kama vile barabara zote za Biharamulo ni za kwao. Siku moja tunasahihisha madaftari, akaweka kalamu chini.

"Twende Mtoni," akasema. "Wikiendi moja tu. Tunaondoka Jumamosi asubuhi, tunalala kwa masista, Jumapili tunasali, tunarudi polepole. Hakuna kukimbizana na mtu."

Mtoni ndivyo sisi wa huku tunavyouita mji mdogo ulioko ukingoni mwa mto Ruvubu, upande wa Ngara, ambako watu huenda kuhiji. Kuna kanisa, kuna groto, pango la Bikira Maria kwenye mwamba, kuna Njia ya Msalaba inayoteremka kilimani hadi karibu na maji, na nyumba ya wageni ya masista. Nilikuwa sijawahi kufika. Mume wangu alizaliwa Nyakisasa, si mbali sana na huko, lakini miaka yote ya ndoa yetu hakuwahi kunipeleka, nami sikuwahi kumuuliza kwa nini.

"Sawa," nikamjibu. Siku zile nilisema sawa kwa kila kitu.

Alichukua karatasi akaanza kupanga. Chupa mbili za chai. Viazi vya kuchemsha, maana vinakaa muda mrefu bila kuharibika. Mikeka. Mwavuli, kwa kuwa mvua za vuli zilikuwa zimeanza kugusagusa. Akachora na njia: Lusahunga, Nyakahura, halafu pale tutakapoiacha lami akaweka alama ya mshale. Nilimtazama akiandika. Alikuwa na furaha ya kweli, na nilimshukuru kwa hilo, ingawa shukrani yenyewe niliijua kichwani tu.

"Na mama mkwe wako tumpitie," akasema. "Mara ya mwisho umemwona lini?"

Sikuwa nimemwona tangu tulipoondoa matanga. Nilikuwa nikimpigia simu kwa jirani yake, tunaulizana hali, tunaagana.

Kazi zangu mimi zilikuwa mbili: kupiga simu kwa masista kuomba vyumba, na kwenda Nyakisasa kumwambia mama mkwe. Sista aliyepokea simu alikuwa na sauti ya kijana. Akaniuliza tuko wangapi, nikamwambia watatu. Akauliza tunakuja na nia gani, ili aiandike kwenye daftari la sala.

Nilikuwa nimesimama nje ya ofisi, watoto wanacheza mpira, na sikuwa na nia yoyote ya kumpa.

"Kupumzika," nikasema mwishowe.

"Hiyo nayo ni nia," akasema. Nikasikia kalamu ikiandika.

Jumamosi iliyofuata nikapanda basi kwenda Nyakisasa. Mama mkwe nilimkuta amekaa uani, ungo mapajani, anapukuchua maharage. Ni mwanamke mwembamba, mrefu, na uzee wake haujamwinamisha. Yeye na mume wake walikuja kutoka ng'ambo ya mto, Burundi, akiwa bado mama kijana, wakapewa ardhi, wakalima, wakabaki. Kiswahili alikipata sokoni na kanisani.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mukazana. Kalibu, kaa." Mukazana, kwa lugha yake, ni mke wa mwanawe. Hajawahi kuniita kwa jina lingine.

Nikakaa. Tukaulizana habari za nyumbani, za mjukuu wake aliyeko shule ya bweni, za maharage. Kisha nikamweleza mpango wetu, kwa utulivu, kama ninavyoeleza sehemu na desimali.

"Mtoni kufanya nini?" akauliza.

"Kupumzika, Mama."

"Mtu anapumzika kwake."

Yeye akaendelea kupukuchua. Baada ya muda akasema, bila kuinua macho, "Mto ule naujua. Niliuvuka mara moja."

Akanisimulia kwa maneno machache. Ilikuwa mwaka walipokimbia. Mume wake alikuwa ametangulia. Yeye alikuwa na mtoto mgongoni, dada mkubwa wa mume wangu, na alikuwa na mama yake mzazi. Walipofika ukingoni walikuta mtumbwi mmoja umejaa watu.

"Mama akanisukuma nikaingia," akasema. "Akaniambia, wewe tangulia, mimi nitakuja na safali ya pili. Tulipofika upande huu, mwenye mtumbwi akaogopa kurudi. Basi."

"Ukamwona tena?"

"Wapi?" akasema. "Nilikaa ukingoni siku mbili. Halafu watu wakanichukua."

Tangu siku hiyo hakuwahi kurudi pale mtoni, wala kuwapeleka watoto wake. Ndipo nikaelewa kwa nini mume wangu hakunipeleka. Nilijua nimeambiwa jambo zito. Nilijua kwamba mtu mwingine angemshika mkono. Mimi nilikaa tu, nikayapokea maneno yake kama ninavyopokea majina ya watoto wakati wa kuita mahudhurio: huyu yupo, huyu hayupo. Kisha nikamuuliza kama nimsaidie kupukuchua. Akausogeza ungo katikati yetu.

Tulipukuchua mpaka maharage yakaisha. Nilipoinuka kuondoka, akanisindikiza hadi barabarani.

"Nitakuja," akasema. "Lakini asiniambie mtu nikapige magoti. Kuomba naomba hapa kila siku. Kama ni kutembea, twende tukatembee."

Ijumaa, siku moja kabla ya safari, saa saba mchana, mwalimu mwenzangu aliitwa kwenye semina ya siku mbili ambayo hakuweza kuikwepa. Alikuja mezani amekasirika, karibu kulia.

"Tuahirishe," akasema. "Wiki ijayo, au baada ya mitihani. Nisamehe, dada yangu."

"Hakuna shida," nikamwambia, na kweli haikuwepo. Sikusikitika wala sikupata nafuu. Nilitakiwa kumpigia jirani wa mama mkwe kumwambia safari imeahirishwa. Nikasema nitapiga jioni. Jioni nikasema nitapiga asubuhi.

Asubuhi akapiga yeye, kwa simu ya jirani. Mama mkwe huongea na simu kwa sauti kubwa, kana kwamba anaita mtu shambani.

"Nimeshavaa!" akasema. "Mko wapi?"

Nikafungua mdomo nimwambie safari haipo. Nikajisikia nikisema, "Naondoka sasa hivi, Mama."

Gari la mume wangu lilikuwa limekaa uani miezi kumi na moja. Leseni ninayo, alinifundisha yeye mwenyewe, kisha kila tulipotoka akaendesha yeye. Jirani yetu, dereva mstaafu, alikuwa akija kila Jumamosi kuliwasha ili betri isife. Hakuna aliyemwomba. Nilikuwa nikisikia mngurumo nikiwa jikoni na sikutoka nje hata mara moja. Asubuhi ile nilimkuta ameshafungua boneti.

"Leo naliondoa," nikamwambia.

Akanitazama kidogo. Akapima maji na oili, akapiga magurudumu teke moja moja, akaenda kufungua geti. "Kona za msituni usikate," akasema. "Malori hayakuoni." Hayo tu.

Kiti kilikuwa nyuma mno, kwa miguu ya mwanaume mrefu. Nikakivuta mbele mpaka nikaifikia klachi. Nikatoka mjini taratibu, nikapita Lusahunga, nikaingia kwenye barabara ya malori yanayokwenda Rwanda na Burundi. Yalinipita moja baada ya jingine, yakinipigia honi. Niliendesha kwa mwendo ambao mume wangu angeniambia nishuke nisukume. Kwenye kizuizi, askari aliitazama leseni yangu, akaigeuza, akanitakia safari njema. Mikono ilikuwa imelowa jasho na niliitazama kwa mshangao, maana mimi mwenyewe sikujua kwamba naogopa.

Mama mkwe alikuwa amesimama barabarani na kitenge kipya, mwavuli, na kikapu kilichofungwa kwa khanga. Akatazama ndani ya gari.

"Uko peke yako?"

"Mwalimu ameitwa kwenye semina."

"Na wewe unajua kuendesha?"

"Ndiyo nimefika, Mama."

Akafikiri, akaingia, akakaa mbele, akauweka mwavuli katikati ya magoti. Tulipokwenda kama dakika kumi akasema, "Yeye alikuwa anakimbiza sana."

"Sana," nikasema.

Ilikuwa mara ya kwanza tunamtaja mume wangu sisi wawili tu.

Mtoni tulifika saa nane. Mahujaji walikuwa wanateremka Njia ya Msalaba, rozari mikononi, wakiimba kwa Kihangaza, lugha ya huko. Sisi tulipita pembeni yao, yeye ameshika bega langu, hadi ukingoni. Ruvubu ilikuwa imejaa, maji ya rangi ya chai ya maziwa, yanakwenda kasi. Ng'ambo kulikuwa na kilima na migomba, sawasawa na huku.

Alisimama muda mrefu. Nami nilisimama nikisubiri litakalotokea, nikijiuliza nitafanya nini akianguka au akipiga yowe.

"Siyo hapa," akasema.

"Siyo hapa?"

"Pale palikuwa na mafunjo. Na maji yalikuwa yanakwenda polepole. Hapa ni pengine."

"Tumuulize mtu?"

"Tumuulize nini? Kwamba nilivukia wapi?" Akacheka kidogo, puani. "Tandika mkeka, mukazana. Nina njaa."

Tukala viazi vyangu na ndizi zake. Kisha akavua viatu, akashuka hatua mbili, akatia miguu majini. Nikamfuata nikamshika kiuno, nikiogopa asije akateleza.

"Yana baridi," akasema. "Siku ile sikuyagusa."

Nami nilikuwa nimeingia na viatu. Baridi ilinipanda hadi magotini, na ilikuwa baridi kweli, ikauma. Tulikaa hivyo mpaka ganzi ikaingia kwenye vidole.

Usiku alilala kabla ya chakula, hakuamka hadi kengele ya misa. Masista walituuliza kama tumependa groto. Hatukuwa tumefika kwenye groto. Jumapili tulisali, tukanywa chai, tukakaa tena ukingoni, na saa sita tukaondoka.

Njiani kurudi Nyakisasa akaniuliza, "Wewe hulii?"

"Sijaweza, Mama."

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeulizia bei ya chumvi na akakuta ni ileile. "Mimi ilinichukua misimu minne," akasema. "Nilikuwa nalima. Jembe likagonga jiwe, nikakaa chini nikalia mpaka jioni. Mume wangu akadhani nimekatwa na jembe." Akatazama nje. "Usijikamue."

Nilimshusha kwake. Akanitolea kikapuni fungu la viazi vitamu vya kuchoma vilivyofungwa kwenye jani la mgomba, akasimama barabarani mpaka nikageuza gari.

Baada ya Nyakahura mvua kubwa ikashuka, sikuona mbele. Nikaegesha pembeni, nikawasha taa za tahadhari. Hapo nikagundua nina njaa, si ile ya saa ya chakula kufika, njaa yenyewe. Nikafungua jani nikala viazi vyote, kimoja baada ya kingine, malori yakipita na kulitikisa gari. Sikulia. Mvua ilipopungua nikaendelea na safari.

Tumeshakwenda mara tatu tangu wakati huo, mara ya mwisho mwalimu mwenzangu akiwepo na chupa zake mbili za chai. Kila mara mama mkwe hutembea kidogo zaidi kufuata ukingo, akitafuta mafunjo. Mahali pake hajapaona. Akichoka, hutuambia tutandike mkeka.