Uyoga wa Bibi

Uyoga wa Kichina ulifika kwetu ukiwa kwenye pakiti. Niliununua Hedaru kwa dada mmoja aliyenieleza kwamba Wachina wanautumia tangu enzi za mababu zao: unaongeza kinga ya mwili, unaleta usingizi, unatuliza presha. Mimi huwa napenda kuamini mambo mazuri. Nikapanda nao mlimani kwa bibi, anayesumbuliwa na presha, huku naimba, kichwani nimeshamwona amepona, na mimi nina duka langu la uyoga pale Same mjini.

Bibi aliunywa, halafu akaikodolea macho picha ya kwenye pakiti. Uyoga mwekundu, mgumu, unang'aa kama umepakwa vanishi.

Nilivyorudi wiki iliyofuata, nikamkuta jikoni na sufuria inachemka. Ndani, vipande vya kahawia.

"Shikamoo bibi. Unapika nini?"

"Marahaba. Si ule uyoga wako! Umeota kwenye gogo la mparachichi nyuma ya choo. Mpare gani anunue kitu kilichoota kwake?"

Alicheka. Mimi nikaipua sufuria.

"Umeshaunywa?"

"Tangu asubuhi. Na vidonge vyangu vya presha juu yake."

Alitaka kuinuka, akarudi chini. Akasema nyumba inazunguka. Jasho lilikuwa linamtoka, na mikono yake ya baridi kama mawe ya mtoni. Nikachukua kipande kimoja cha uyoga, nikaita bodaboda, nikambana bibi katikati yangu na dereva. Kila kona nilimwita. Kuna kona hakuitika.

Pale zahanati nesi alisema presha imeshuka mno. Nikampa kile kipande. Akakigeuza, akakinusa.

"Huu siujui, na wewe huujui. Hata ule wa pakiti, ukichanganya na vidonge unaweza kushusha presha kupita kiasi. Uliuliza?"

Sikuwa nimeuliza.

Wakamtundikia dripu. Nilikaa chini kwenye sakafu, nimeshika kidole gumba cha mguu wake, naogopa hata kukiachia. Jioni kidole kikacheza. Bibi akafumbua macho, akaomba uji. Nikamlisha huku nalia kama mtoto.

"Unalia nini? Mwenzako nimelala usingizi mtamu, sijawahi! Uyoga ule ni dawa."

Mama wa kitanda cha pili, naye mgonjwa wa presha, akainua kichwa.

"Ati mama, unapatikana wapi huo?"

Bibi akafungua mdomo. Nikamtia kijiko cha uji.